Kauntabuku, simu au jedwali: kipi kikufae kufuatilia wanyama wa nyumbani kwako?

Mjusi anayewinda nondo kwenye taa ya kibaraza, kunguru wanaolala juu ya mwembe wa jirani, nyigu anayefinyanga udongo pembeni mwa dirisha, komba anayelia usiku mkoroshoni. Hao wanatosha kumpa mtu kazi ya mwaka mzima bila kukanyaga mbugani. Kinachoshinda wengi ni kuandika. Mtu hununua daftari zuri, akafika ukurasa wa sita, likaishia kuandikiwa madeni ya dukani. Mwingine hujaza simu picha ambazo baada ya miezi mitatu hajui alizipiga wapi wala kwa nini. Mara nyingi si uvivu. Chombo alichochagua hakikuwa cha swali alilokuwa nalo.

Tunalinganisha njia tatu: daftari la maelezo, simu yenye iNaturalist (programu ya kutambua viumbe kwa picha), na jedwali la kuhesabu. Daftari linajibu "anafanya nini, na anafanyaje?" Simu inajibu "ni nani huyu, na yuko wapi?" Jedwali linajibu "wanaongezeka au wanapungua?" Ukitaka daftari likwambie kama kunguru wameongezeka, litakuangusha. Ukitaka simu ikueleze kwa nini mjusi mkubwa anawafukuza wadogo, itabaki na picha tu.

Chukua tukio moja la kubuni, usiku wa masika mahali fulani Pwani. Kwenye daftari lingekaa hivi:

"14 Aprili, 19:20–19:45. Kibaraza cha mashariki. Mvua imekatika 18:30, sakafu mbichi, upepo hakuna. Mijusi 3 kuzunguka taa. Mkubwa mkia wake ulikatika, unaota upya, rangi nyepesi. Yuko shubiri moja kutoka kwenye taa. Mdogo akisogea, mkubwa anapunga mkia kisha anamkimbiza hadi nyuma ya bomba. Kumbikumbi wanatoka. Mkubwa amekula 11 kwa dakika 10, halafu kaacha, ingawa wengine wanampita mdomoni. [Ameshiba?]"

Kwenye simu, tukio hilohilo ni picha tatu, jina la spishi, tarehe na alama kwenye ramani. Kwenye jedwali ni mstari mmoja: 14/4, 19:20, ukuta A, 3, mvua ndiyo, taa nyeupe.

Mstari huo wa jedwali unaonekana mkavu kuliko yote. Ukiwa na mistari 52 ya namna hiyo, utaona jambo ambalo picha elfu moja hazitakuonyesha.

Daftari

Kinachofaa ni vitabu viwili. Kimoja kidogo cha kuingia mfukoni, cha kuandikia papo hapo kwa mkato. Kingine ni kauntabuku ya jalada gumu, ya kuhamishia maelezo jioni ileile. Usingoje kesho, maana ukishalala, "wanne au watano" hugeuka "watano". Kauntabuku inashinda daftari la pini kwa sababu kurasa zake zimeshonwa. Daftari la pini ukilishika kwa mkono wenye jasho kwa miezi miwili, kurasa za katikati huchomoka.

Andika kwa penseli, HB au 2B. Maji hayaiyeyushi, ilhali wino wa kalamu ya jeli husambaa kwa tone moja la mvua, na biro hugoma ukiandika ukiwa umeinua daftari ukutani. Kasoro ya penseli ni kufutika kwa msuguano, kwa hiyo usiwe na 4B au zaidi, itachafua ukurasa wa pili yake. Ukikosea usifute. Kata kwa mstari mmoja unaosomeka, kwa kuwa mara nyingine kosa ndilo lililokuwa sahihi.

Kabla ya kuandika lolote, weka namba kwenye kurasa zote na acha nne za mwanzo kwa ajili ya faharasa. Andika upande wa kulia pekee. Upande wa kushoto ubaki kwa michoro, vipimo na masahihisho ya baadaye. Kila ingizo lianze na vitu vitano: tarehe yenye mwaka, saa ya kuanza na ya kumaliza, mahali ulipokaa, hali ya hewa, na ulichokuwa unatafuta. Hicho cha tano husahaulika sana. Aliyekuwa akitazama ndege hakuandika mijusi kwa sababu hakuitazama. Ni tofauti na kusema haikuwepo.

Tenganisha ulichoona na unachodhani. Mabano ya mraba yanatosha, kama kwenye mfano hapo juu. "Mjusi aliogopa" ni dhana. "Mjusi aliganda, kisha akaingia nyuma ya fremu nilipokuwa hatua tatu" ni jambo lililoonekana. Msomaji wa baadaye, ambaye huenda ni wewe mwenyewe, anaweza kupingana na dhana yako lakini hawezi kupingana na hatua tatu.

Kuchora hakuhitaji kipaji. Yai kubwa la mwili, yai dogo la kichwa, mstari wa mkia, halafu mishale yenye maneno: "mdomo mfupi, mnene", "mstari mweupe juu ya jicho", "miguu myeusi". Kwa ukubwa tumia ndege wanaojulikana na kila mtu: mdogo kuliko shomoro, sawa na tetere, mkubwa kuliko kunguru. Makadirio ya sentimita kutoka mita ishirini hayaaminiki, ya mtaalamu wala ya mgeni.

Nguvu ya daftari huonekana kwa viumbe wanaofanya kazi mbele yako. Nyigu wa udongo ni mwalimu mzuri wa kuanzia: hajali ukikaa mita mbili ukitulia, na kazi yake ina hatua. Anajenga chumba cha tope, anakijaza buibui aliowapoozesha kwa mwiba na kutaga yai moja humo, anaziba, anaanza chumba kingine. Hesabu safari za tope kwa kila chumba, pima muda wa kila safari, andika upande anaotokea. Ukiweza kufuata hadi kwenye dimbwi anakochota, una ingizo ambalo hakuna programu itakayokupa. Mnana naye: dume husuka kiota, jike hukagua, na kiota alichokikataa mara nyingi dume hukifumua mwenyewe. Nani alifumua, na baada ya siku ngapi? Hayo ni ya daftari.

Udhaifu wake? Haliwezi kutafutwa kwa haraka, halina nakala, na Pwani lina maadui. Unyevu huotesha kuvu. Mende hutafuna gundi ya mgongo wa kitabu. Lihifadhi ndani ya bati la biskuti lenye kifuniko kinachobana, na kila mwisho wa mwezi piga picha kurasa zote.

Simu na iNaturalist

iNaturalist ilianza mwaka 2008 kama kazi ya wanafunzi wa shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Unapakia picha au sauti, programu inapendekeza jina, na watu wengine wanathibitisha au wanapinga. Rekodi yenye tarehe, mahali, ushahidi, na mnyama asiyefugwa, ikipata zaidi ya theluthi mbili ya watambuzi wanaokubaliana juu ya spishi, hupanda kuwa ya kiwango cha utafiti. Kwa asiyejua majina hili halina mpinzani. Daftari lako halitakujibu kwamba huyo si mjusi uliyemdhania.

Mijusi ya nyumbani ndiyo mfano mzuri. Wengi wetu tunasema "mjusi kafiri" tukadhani ni mmoja. Kwenye ukanda wa Pwani kuta zinaweza kuwa na Hemidactylus mabouia wa asili, Hemidactylus platycephalus aliye mkubwa zaidi, na Hemidactylus frenatus aliyeingia kutoka Asia. Mchana, ukutani na kwenye vigogo, kuna mwingine kabisa: mdogo mwenye kichwa cha manjano, wa jenasi ya Lygodactylus. Picha moja ya mgongo kutoka mbali haiwatenganishi. Piga angalau tatu: mwili wote kutoka juu, mkia kwa karibu ili vijinundu vyake vionekane, na kichwa kwa ubavu. Ya nne, yenye thamani kuliko zote, ni nyayo. Usimkamate; subiri apande kioo cha dirisha, nenda upande wa pili, piga tumbo na vidole kupitia kioo.

Hapa ndipo makosa mengi hutokea, na karibu yote yana dawa.

Kubwa kwa watu wa Kiswahili ni saa. Sisi huhesabu kuanzia macheo, simu huhesabu kuanzia usiku wa manane. Ukimwona mjusi saa 1:20 usiku, halafu ukaandika 1:20 kwenye programu, umemsogeza kwa saa sita nzima. Popo wa saa 12:30 jioni anakuwa popo wa mchana kweupe. Rekodi inayotokana na picha ya kamera ya programu haina tatizo hili; ile unayoiingiza kwa mkono kutoka kwenye daftari ndiyo hupinda. Suluhisho ni kutumia saa 24 kwenye daftari pia, tangu ukurasa wa kwanza: 19:20, 18:30. Ukishindwa kuzoea, andika zote mbili.

La pili ni WhatsApp. Picha ikitumwa kwa njia ya kawaida hupunguzwa ubora na kuvuliwa taarifa za tarehe na mahali. Kundi la shule linalokusanya picha za wanafunzi WhatsApp kisha mwalimu akazipakia zote kwa pamoja huishia na wanyama wote kurekodiwa siku moja, sebuleni kwa mwalimu. Kila mmoja apakie kutoka simu iliyopiga, au picha zitumwe kama faili na uhakikishe tarehe ipo kabla ya kuendelea.

La tatu ni mahali. Ruhusa ya kamera kusoma mahali ikiwa imezimwa, picha haina GPS. Ikiwa imewashwa, kila rekodi ya uani inaonyesha nyumba yako. Chagua eneo lifichwe: ramani itaonyesha alama ya nasibu ndani ya kisanduku cha nyuzi 0.2 kwa 0.2 za latitudo na longitudo, ambacho karibu na ikweta kina upande wa takriban kilomita 22, na anwani halisi inabaki kwako. Fanya hivyo pia kwa viota na kwa mnyama yeyote anayeweza kutafutwa na wawindaji au wauza wanyama.

Mapendekezo ya jina nayo yachukuliwe kwa tahadhari. Mashine hujifunza kutoka picha zilizopo, na za Marekani Kaskazini na Ulaya ni nyingi kuliko za Lindi au Kilifi. Wadudu ndio huathirika zaidi, wakapewa majina ya spishi za bara jingine. Usipokuwa na hakika, weka kundi pana: "nyigu", "buibui", "ndege". Jina pana lililo sahihi huvuta watambuzi wa kundi hilo. Jina finyu lililokosewa huwapoteza. Paka, kuku na bata wa nyumbani watiwe alama ya kufugwa.

Bando si kikwazo kikubwa kama inavyodhaniwa. Programu huhifadhi rekodi bila mtandao, ukazipakia ukifika kwenye waifai. Ila rekodi ambayo haijapakiwa iko ndani ya simu tu: simu ikiibwa, imekwenda nayo. Na futa lenzi. Simu iliyotoka mfukoni kwenye joto la Machi huwa na utando wa jasho, na picha yote inakuwa ukungu ukadhani kamera imeharibika.

Simu inakosa nini? Haisemi lolote kuhusu siku ambayo hukupiga picha. Watu hupiga picha kitu kigeni. Kunguru wa kila siku hapigwi. Ukitazama akaunti yako mwisho wa mwaka utaona kinyonga watano na kunguru wawili, ukadhani mtaani kwako kinyonga wamezidi kunguru.

Jedwali

Jedwali linahitaji uamuzi mara moja, kisha utii. Chagua mahali palepale, saa ileile, muda uleule, na usibadilishe. Dakika 10 kwa wiki zinatosha kwa ndege wa uani. Chora safu za tarehe, saa ya kuanza, spishi unazofuatilia (zisizidi nane mwanzoni), hali ya hewa, na maoni.

Kwa ndege, andika idadi kubwa zaidi uliyoiona kwa wakati mmoja. Kunguru wanne wakapita, wakarudi watatu: andika nne, usiandike saba. Ukijumlisha wapitao, unahesabu mizunguko ya kunguru walewale. Kama una aina mbili zitenganishe tangu mwanzo: kunguru wa India ana shingo ya kijivu, na mwingine ana kola nyeupe na kifua cheupe. Kunguru wa India waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 wakasambaa Pwani yote, kwa hiyo anayewaweka wote kwenye safu moja ya "kunguru" ametupa habari yenye thamani kuliko zote kwenye karatasi yake.

Kwa mijusi, tembea kando ya kuta zilezile saa moja baada ya jua kuzama, ukiwa umewasha taa dakika 30 kabla. Pita mara moja, usirudi nyuma; aliyejificha umemkosa, na wiki ijayo utamkosa mwenzake kwa kiwango hichohicho. Andika aina ya taa. Ukibadilisha balbu ya manjano kwa nyeupe, wadudu hubadilika, na mijusi hufuata wadudu. Mwaka mmoja baadaye utaona idadi imepanda mwezi Julai, ukaanza kutafuta sababu kwenye kipupwe kumbe ni balbu.

Sasa sifuri, ambayo ndiyo sababu ya jedwali kuwepo. Ukitazama dakika 10 zako na usione ndege chozi hata mmoja, andika 0. Usipotazama kabisa kwa sababu ulisafiri, andika kistari. Kisanduku kitupu hakiruhusiwi, maana baada ya miezi miwili hakuna ajuaye kama kilikuwa sifuri au safari. Mbayuwayu wanaotoka Ulaya hufika kwetu kuanzia Septemba na wengi huondoka kufikia Aprili. Huwezi kujua walifika lini kwako kama huna sifuri za Agosti.

Joseph Grinnell, mkurugenzi wa kwanza wa jumba la makumbusho ya wanyama wenye uti wa mgongo huko Berkeley kuanzia 1908, aliwalazimisha wasaidizi wake kuandika walikwenda wapi, walikaa muda gani, na mitego mingapi ilitegwa, hata siku isiyo na mnyama. Karibu karne moja baadaye, kuanzia 2003, watafiti walirudi kwenye hifadhi ya Yosemite, California, wakarudia njia zake. Wangekuta orodha ya majina matupu, wasingekuwa na cha kurudia.

Udhaifu wa jedwali ni kwamba linachosha, na halisemi kwa nini. Idadi ya mijusi ikishuka ghafla Oktoba, jedwali linanyamaza. Daftari ndilo litakalokwambia kwamba wiki hiyo jirani alipuliza dawa ya mbu.

Kwa wanaotaka ndege pekee

Kuna njia ya katikati. eBird, programu ya orodha za ndege iliyoanzishwa na Cornell Lab of Ornithology na National Audubon Society mwaka 2002, hukuuliza kama orodha yako ina ndege wote uliowatambua. Ukijibu ndiyo, wasiotajwa wanahesabika kuwa hukuwaona, kwa hiyo ni jedwali ndani ya simu. Kwa aliye Kenya, Kenya Bird Map inaenda mbali zaidi: nchi imegawanywa kwa visanduku vya dakika 5 kwa 5 za latitudo na longitudo, kama kilomita 9 kila upande, na orodha kamili inahitaji kuangalia kwa angalau saa mbili ndani ya siku zisizozidi tano. Ni kazi nzito kwa mtu wa uani peke yake, lakini klabu ya shule inaimudu.

Nani achague nini

Mtoto wa darasa la nne: daftari, kwa kuwa kuchora kunamfundisha kutazama, simu itamfundisha kupiga na kuondoka. Mtu wa kazi anayerudi nyumbani 19:00: jedwali la mijusi, dakika 10 kila Jumamosi, wala asijilazimishe zaidi. Mgeni wa mtaa asiyejua majina: simu kwa miezi miwili ya kwanza, kisha achague spishi tano alizozizoea ahamie kwenye jedwali. Aliyekwisha pata swali lake mahususi, mathalani kwa nini komba analia zaidi siku fulani, anahitaji daftari na jedwali pamoja. Simu ibaki ya kurekodia sauti, sekunde 30 zinatosha, na faili iandikwe namba ya ukurasa wa daftari.

Kwa njia yoyote utakayochagua, popo aliyeanguka au mnyama mwenye manyoya anayejiachia kushikwa asiguswe; kichaa cha mbwa hakiishii kwa mbwa. Kiota kitazamwe kutoka mbali, na ndege mzazi akikaa nje bila kurudi kwa dakika kumi, uko karibu mno, ondoka.

Wiki utazikosa. Ukirudi kutoka msibani au mtihanini ukakuta visanduku vitatu vya jedwali havina kitu, jaza vistari vitatu, andika pembeni "sikuwepo", na uanze Jumamosi inayofuata saa ileile. Usijaze kwa kukumbuka.